Taa ya Njano Kwenye Gari la Bwana Cosmas

Mume wangu Jotham hajawahi kushindwa na gari, na anayebisha aje aniulize mimi niliyefua ovaroli zake miaka thelathini na miwili. Ufundi alijifunza kwenye karakana ya ushirika, enzi ambazo gari maana yake ilikuwa Landrova. Karakana ile ilipokufa akafungua yake hapa hapa, nje kidogo ya mji wa Tukuyu, njia ya kwenda Lufingo. Nyumba yetu iko nyuma yake, na katikati pana migomba yangu. Ukimletea gari anachukua bisibisi ndefu, ncha anaweka kwenye chuma cha injini, mpini sikioni, anafumba macho. Akifumbua anakwambia vali ya tatu inagonga. Ukifungua unakuta ni ya tatu kweli. Mimi nilikuwa namwamini kuliko mchungaji, na mchungaji mwenyewe analijua hilo.

Ndipo ikaja ruksa. Soko huria, wakasema. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yakajaa vitu ambavyo hata matumizi yake hatukuyajua, na magari ya Kijapani yaliyokwisha kutumika na wenyewe yakaanza kuingia mjini. Mwaka wa tisini na tisa Bwana Cosmas, afisa elimu, mtu wa Songea, mpole, kalamu tatu mfukoni, akanunua moja. Jeupe, dogo, likiwaka husikii. Siku ya kwanza alilileta kwa Jotham likaguliwe, na watu wakatoka madukani kulitazama. Jotham akalikagua, akalitengeneza alivyozoea kutengeneza kila gari geni, akamrudishia.

Haikupita wiki tatu, Bwana Cosmas huyo amerudi.

"Fundi, kuna taa ya njano imewaka hapa kwenye dashibodi. Ina picha ya injini. Ni ya nini?"

Jotham akainama dirishani, akaitazama. "Ni ya kukumbusha."

"Kukumbusha nini?"

"Kwamba gari ni la Kijapani."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Lakini wiki iliyofuata hakuna aliyecheka, maana gari lilikuwa linatoa moshi mweusi hata watoto wa shule walikuwa wanakimbia na kuziba pua. Petroli lilikuwa linakunywa kama watu wa msibani wanavyokunywa pombe ya kimpumu. Jotham akafungua boneti atafute kabureta. Akatafuta asubuhi nzima. Mchana akaja kula, akakaa anatazama sahani.

"Atu," akaniambia, "limekuja bila kabureta."

Sauti aliyoitumia ni ile ile aliyonipa nayo habari za kifo cha mama yake. Nikamwambia labda waliisahau huko Japani. Akaisukuma sahani, akarudi karakana.

Basi akatoa plagi, akazikuta nyeusi kama matako ya sufuria. Akazisafisha. Siku mbili, nyeusi tena. Akabadilisha chujio la hewa, akasafisha nozeli, akaweka bisibisi sikioni, akafumba macho, akafumbua. "Halina ugonjwa," akasema. "Halina ugonjwa, na linaumwa." Taa ikabaki inawaka vile vile, njano, haina haya.

Bwana Cosmas akaanza kusema kwa adabu yake kwamba Mbeya kuna karakana yenye kompyuta. Hapo ndipo Jotham alipotamka neno lililoninyima raha. Alisema mbele yangu, akiwa anafuta mikono: "Gari hili likienda Mbeya, mimi nafunga. Nang'oa kibao. Maana likienda hili yatakwenda yote, na mimi siwezi kukaa hapa kuziba pancha."

Ninamjua mume wangu. Hana maneno mengi, na akisema hivyo amekwisha kusema. Nilimwona akiwa amekaa barazani, mikono safi, hana kazi, anasubiri kufa. Niliogopa. Sioni aibu kusema kwamba niliogopa.

Sasa niwaeleze habari za Sekela, la sivyo hamtaelewa mimi muuza ndizi niliingiaje kwenye mambo ya injini. Sekela ni mke wa mwanangu Ackson. Ackson ni dereva wa lori, anapeleka viazi Dar es Salaam, nyumbani tunamwona kwa nadra. Mkewe alikuwa na miezi mitatu kwetu. Na kwetu Wanyakyusa, mke wa mwana na baba mkwe hawakutani. Tunaita kutila. Mke hamtazami, hamsemeshi, jina lake halitaji, kiti alichokalia yeye hakikalii. Akimsikia anakuja, anaingia migombani mpaka apite. Naye baba mkwe vile vile, anakohoa kabla hajafika kwenye kona. Wako walioacha, siku hizi wengine wanapeana mikono kanisani. Jotham hakuacha. Na Sekela, japo kazaliwa Mbeya mjini, hakutaka watu waseme kwamba hakufunzwa kwao.

Basi siku hiyo tuko jikoni tunamenya ndizi, na mimi nalalamika, maana nikiwa na hofu nalalamika. Sekela akasikiliza, akasikiliza, kisha akasema polepole:

"Mama, hiyo taa inaweza kusema yenyewe gari linaumwa nini."

"Taa iseme?"

"Inasema kwa kupepesa. Unahesabu."

Nikaweka kisu chini. Kumbe mtoto huyu alisoma umeme wa magari miaka miwili chuoni, na mwaka mmoja akafanya kazi kwenye gereji Mbeya. Sisi tulijua alisoma umeme, tukadhani ni ule wa kufunga taa za nyumba.

"Mbona hukusema, gwe mwana?"

"Hamkuniuliza, mama."

"Haya, nenda sasa hivi ukaiulize hiyo taa!"

Loo! Alinitazama kana kwamba nimemwambia akacheze uchi sokoni. Aingie karakana ya baba? Akae kiti ambacho baba amekalia akijaribisha gari? Akatikisa kichwa mpaka kitenge kikamvuka. Akasema ataniambia mimi la kufanya, nami nikafanye. Nikamwambia fimbo ya mbali haiui nyoka. Akasema tuijaribu hivyo hivyo.

Akanichorea kwenye karatasi ya daftari. Chini ya boneti kuna kisanduku kidogo cha plastiki chenye kifuniko, ndani kina matundu mengi. Hili na hili unaunganisha kwa kipande cha waya. Unafungua swichi bila kuwasha injini. Taa itaanza kupepesa, nawe unahesabu. Nikaikunja karatasi, nikaificha kifuani, nikaenda.

"Jotham, fungua boneti."

"Kuna nini?"

"Fungua tu. Kuna kisanduku humo, kina matundu. Nataka waya."

Akanitazama kwa muda mrefu. "Nani amekutuma?"

"Hakuna. Nimeota."

"Umeota matundu?"

"Ndoto haichagui!"

Siku nyingine angenifukuza. Siku hiyo alikuwa amechoka mno hata kubishana na mke wake, na hilo lilinisikitisha kuliko gari. Akafungua, kisanduku kikawepo kweli, kama kwenye karatasi. Akaunganisha waya. Mimi nikaingia, nikakaa kwenye kiti cha dereva, nikazungusha ufunguo. Mungu wangu, ile taa iliyokaa wiki kadhaa imetutolea macho ikaanza kupepesa! Nikahesabu. Ndizi nimehesabu tangu utoto, mikungu mia inapakiwa kwenye lori na sikosei hata mmoja. Nikahesabu kwa makini mpaka macho yakaanza kutoa machozi, nikazima swichi, nikakimbia migombani.

"Thelathini na sita," nikamwambia Sekela.

Akakunja uso. "Thelathini na sita haipo, mama."

"Haipo vipi na nimeihesabu mimi?"

"Ilikuwa inapumzika katikati?"

"Ilipumzika. Mimi sikupumzika."

Hapo akaangua kicheko, akaziba mdomo kwa kitenge, akapiga magoti kuniomba radhi. Kumbe haihesabiwi kama mikungu. Inataja kwanza makumi, inapumzika kidogo, inataja mamoja, inapumzika kwa kirefu, kisha inarudia yale yale kama mlevi. Nikarudi. Jotham kasimama pale pale, mikono kiunoni. Nikaingia tena. Mbili, kidogo, moja, kirefu. Mbili, kidogo, moja. Nikatoka, nikakimbia.

"Ishirini na moja!"

"Basi," akasema Sekela. "Pua yake."

Niliporudi mara ya tatu Jotham alikuwa amekaa juu ya tairi.

"Atu, unaongea na nani huko migombani?"

"Naongea na Mungu."

"Na Mungu amesoma mambo ya waya?"

Alikuwa anajua. Nani mwingine yuko migombani kwangu? Lakini kuuliza hawezi, maana angelazimika kumtaja mkwe, na mimi nikimtaja nitakuwa nimemwingiza Sekela kwenye karakana kwa mdomo. Basi watu watatu tunajua jambo moja, na kila mtu anajifanya hajui. Kichwa kilianza kuniuma hapo, na hakikuacha mpaka Jumamosi ya wiki iliyofuata.

Nikamweleza kama nilivyoelezwa. Kwenye bomba la moshi kuna kidude, kinanusa moshi kila saa. Kikinusa petroli imezidi kinaiambia kompyuta ipunguze. Sasa kidude hicho hakinusi tena.

"Gari lina pua," akasema Jotham.

"Ndivyo nilivyoota."

"Mwe bandu, jamani! Kabureta halina, pua linayo."

Lakini akalala chini ya gari, na kweli akakitoa. Kilikuwa kimefunikwa masizi, huoni hata chuma. Akakisafisha taratibu kama anavyosafisha kila kitu, akakirudisha, akang'oa waya wa betri dakika kumi ili kompyuta isahau, kama nilivyomwambia, akaunganisha tena. Akawasha. Taa haipo. Akazima, akawasha. Haipo! Nilipiga vigelegele hadi jirani akatoka akidhani kuna aliyejifungua. Jotham akatabasamu kwa mara ya kwanza mwezi ule, na akaimba wimbo wa kwaya huku ananawa mikono. Bwana Cosmas akachukua gari lake, akatushukuru, akaondoka.

Siku nne. Siku ya tano, Jumatano, nasikia harufu kabla sijaliona gari. Moshi ule ule, taa ile ile. Bwana Cosmas akashuka, hakukasirika, na heri angekasirika.

"Fundi, mimi sikulaumu," alisema. "Lakini Jumamosi asubuhi nalipeleka Mbeya. Wale wenzangu wawili walionunua magari kama hili nao wanasubiri kuona langu linaishia wapi."

"Jumamosi," akasema Jotham, basi. Akaingia ndani ya karakana, akaanza kupanga spana zake kwa ukubwa, moja moja, kama mtu anayefunga mizigo.

Nilimwendea Sekela na hasira zangu zote. "Pua yako imeongopa!"

"Pua haiongopi, mama. Pua inazibwa na masizi. Tuulize masizi yanatoka wapi."

"Usiniulize mimi! Mimi nauza ndizi! Kwanza lina taa inayohesabu, halafu lina pua, sasa masizi! Kesho utaniambia lina nini, mimba?"

Akangoja nimalize. Ana subira yule mtoto. Kisha akaniuliza kama nimewahi kuona mshale wa joto, ule wa kwenye dashibodi wenye picha ya kipimajoto, unakaa wapi gari likitembea. Nitajuaje? Akaniomba nipande gari lile niangalie mshale huo tu, kitu kingine chochote nisiangalie.

Alhamisi Bwana Cosmas alikuwa anakwenda Masoko kukagua shule. Nikaomba lifti nikamsalimie dada yangu. Kwenda, nikaangalia mshale. Kurudi, nikaangalia mshale. Bwana Cosmas ananizungumzisha habari za mitihani ya darasa la saba, mimi namjibu "ndiyo, ndiyo" na macho yangu yako kwenye mshale. Barabara ile ina milima, mnaijua. Gari lilipanda likaguna, na mshale ukalala chini kabisa, haukunyanyua hata kichwa. Ukungu ulikuwa umeshuka, nasikia baridi kwenye miguu. Nikamwona mwenyewe amevaa koti zito na shali.

"Halina mashine ya joto?" nikamuuliza.

"Linayo, lakini inapuliza baridi. Nilidhani ndivyo Wajapani wanavyopenda."

Nilimsimulia Sekela yote. Alikuwa anakata majani ya maboga, akaacha kukata.

"Limepanda mlima wote ule na mshale haukuinuka?"

"Ulilala usingizi."

"Basi, mama, injini haipati joto. Kompyuta inajua kwamba injini ikiwa ya baridi, kama ya alfajiri, lazima iongezewe petroli ili isizimike. Sasa hii haipati joto kamwe. Mchana kutwa kompyuta inadhani ndiyo kwanza kumekucha, inaongeza petroli, inaongeza. Petroli ikizidi inakuwa moshi, moshi unakuwa masizi, masizi yanaziba pua."

Nikaelewa! Mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze, nikaelewa kitu. "Na kwa nini haipati joto?"

Sekela akashika kisu, akaanza kukata majani upya, kwa haraka.

"Sekela."

"Sijui, mama."

"Unajua. Nakuona unavyoyakatakata hayo majani."

Akasema kwa sauti ya chini sana, macho kwenye majani. Kuna kidude kinaitwa themostati. Ni kama mlango mdogo, unazuia maji ya rejeta yasiingie kwenye injini mpaka injini ipate moto, ndipo unajifungua. Kama kidude hicho hakipo, maji baridi yanapita tu wakati wote, na injini haipati moto, hasa huku kwetu kwenye baridi.

"Na chenyewe kimekwenda wapi?"

"Mimi sikusema kitu, mama. Tafadhali. Mimi sikusema."

Nilikuwa nakijua kidude hicho. Kila mtu Tukuyu anakijua, ila hatukuwa tunalijua jina lake. Zamani malori yaliyokuwa yanapanda kutoka Kyela na mpunga yalichemka njiani, madereva wanakaa juu ya magunia wanasubiri maji yapoe. Jotham ndiye aliyegundua kwamba ukikitoa hicho kidude lori halichemki. Alisifiwa wilaya nzima. Tangu hapo kila gari geni linaloingia kwake anakitoa, halipishi, hamwambii mwenyewe, anaona ni wema wake kwa gari. Anaita dawa ya milima. Na siku ya kwanza gari la Bwana Cosmas lilipokuja akalitengeneza kama alivyozoea. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee. Mwezi mzima mume wangu alikuwa anatafuta ugonjwa alioutia kwa mkono wake mwenyewe.

Nilizunguka migomba mara tatu kabla sijamwendea. Nimwambie, nitamvunja. Nisimwambie, Jumamosi inakuja. Sikujua lipi ni baya zaidi, na mpaka leo ukiniuliza sijui. Mwishoni nikaingia karakana nikasema kwa pupa, maana mambo ya namna hiyo ukiyasema polepole yanakukwama.

"Jotham, gari la Bwana Cosmas ulitoa themostati?"

"Nilitoa. Magari yote natoa."

"Basi ndiyo ugonjwa."

Akaweka spana chini. Nikamweleza, baridi, alfajiri, petroli, masizi, pua. Nilikuwa nimekariri kama shairi. Alikuwa anasikiliza na kichwa amekiinamisha upande, kama anavyosikiliza injini, na nikaona uso wake unabadilika kidogo kidogo, maana yeye ni fundi, na fundi akielezwa jambo la kweli hawezi kujizuia kulielewa.

"Nani kasema mimi ndiye?"

"Hakuna aliyesema. Nimesema mimi."

"Wewe themostati huijui."

"Basi hakuna aliyesema! Lakini ndivyo ilivyo!"

Akakaa juu ya tairi. "Magari mangapi, Atu?" akaniuliza. "Miaka yote hiyo. Magari mangapi?"

Nikamwambia Landrova hazikuwa na kompyuta, hazikudhurika, zilimshukuru. Hakusikia. Nililia pale pale mbele yake, kwa sauti, sikujali wapita njia. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia, na nilimkasirikia hata yule mkwe wangu asiye na kosa, yote kwa wakati mmoja.

Nilipomaliza kulia nikamkuta ameinuka. Ametoa debe la zamani la rangi kutoka chini ya meza, analimwaga sakafuni. Themostati tupu! Za malori, za Landrova, za magari yaliyokwisha kufa na wenyewe wamekufa. Hakuwahi kutupa hata moja. Akachagua zile ndogo zilizofanana, zikapatikana saba. Ya Bwana Cosmas ilikuwa mojawapo, lakini ipi? Na ipi bado inafanya kazi?

"Kamuulize," akasema, akitazama ukuta. Hakusema nani.

Nikaenda kumuuliza. Jibu likawa: zichemshwe. Themostati nzima inajifungua maji yakipata moto, na ikipoa inajifunga. Mbovu haifanyi moja au haifanyi lingine.

Ijumaa asubuhi sufuria yangu ya ndizi ikawa jikoni na vyuma ndani. Jiko letu ni la mianzi, na kati ya mwanzi na mwanzi pana mwanga. Sekela yuko ndani, anakoleza moto. Jotham yuko nje, ameupa ukuta mgongo, anatazama migomba. Mimi niko mlangoni, huku na huku.

"Anauliza maji yana moto?"

"Mwambie bado."

"Anasema bado."

"Muulize ya kwanza imefunguka?"

"Anauliza ya kwanza..."

"Imeanza. Hapana, ile ya tatu."

"Anasema ya tatu."

"Ya tatu kutoka wapi?"

"Kutoka wapi?"

"Kutoka kwangu, mama."

"Kutoka kwake!"

"Kwake wapi na mimi simwoni?"

Hasira zikanipanda. Moshi umenijaa machoni, nimesimama tangu asubuhi, na sokoni sijakwenda. "Mimi nimechoka!" nikapiga kelele. "Mimi si waya wa simu! Semeni na ukuta!" Nikakaa chini kizingitini, nikafunika kichwa kwa khanga.

Nikasikia moto tu. Nikadhani nimeharibu, nikadhani Sekela atakimbia kwa mlango wa nyuma asirudi. Kisha nikasikia Jotham anakohoa. Bado ametazama migomba. Akauambia ukuta:

"Hiyo ya tatu. Inafunguka kabla maji hayajachemka, au yakichemka?"

Ndani, sauti ndogo, ikauambia ukuta:

"Kabla. Vipovu vidogo vikianza."

"Inafunguka yote?"

"Yote."

"Na ukiitia kwenye maji ya baridi?"

Tukasikia chuma kinadumbukia kwenye ndoo.

"Imejifunga."

"Basi ndiyo hiyo," akasema Jotham. Akasimama kidogo. "Ndaga," akaushukuru ukuta, na akaondoka.

Nilibaki kizingitini nisijue nicheke au nilie. Sekela alikuwa amekaa chini, mikono usoni. Jambo kama lile halikuwahi kutokea nyumbani kwetu, na hatukujua limetupeleka wapi.

Mchana Jotham akaliomba gari kwa Bwana Cosmas, akaifunga ile themostati, akasafisha pua upya, akang'oa waya wa betri, akarudisha. Akaendesha mpaka Lufingo na kurudi. Aliporudi akaniita nione. Mshale ulikuwa umesimama katikati, umetulia. Taa haikuwepo. Akaweka kitambaa cheupe kwenye bomba la moshi, akakitoa cheupe.

Jumamosi Bwana Cosmas akaja na wale wenzake wawili, wao na magari yao, wamejiandaa kwa safari ya Mbeya. Akaingia kwenye gari lake, akawasha, akakanyaga mafuta. Hakuna moshi. Akaweka mkono kwenye tundu la hita, akacheka kama mtoto. "Joto!" akasema. "Linatoa joto! Fundi Jotham, sikujua. Kumbe ugonjwa ulikuwa nini?"

Nikaomba kimoyomoyo. Nilimwomba Mungu amfunge mume wangu mdomo, maana pale palikuwa na watu watatu na magari matatu, na hakuna aliyekuwa anajua. Neno moja tu la uongo, dogo, na jina lake linabaki palepale lilipokuwa. Nikawahi mimi. "Ni pua, Bwana Cosmas. Pua ilikuwa..."

"Nyamaza, Atu," akasema Jotham. Akawageukia. "Niliharibu mimi. Siku ya kwanza ulipolileta nilitoa kitu kwenye injini, na sikukwambia. Nilidhani nakusaidia. Aliyegundua si mimi. Ni mke wa Ackson."

Bwana Cosmas akazima injini. Akamtazama, akanitazama mimi.

"Yule binti?" akauliza mmoja wa wenzake. Hakuwa na ubaya, lakini hakufikiri. "Basi na langu aliangalie yeye. Lina taa kama hiyo hiyo."

Jotham alifuta mikono yake, na mikono haikuwa na grisi. Aliifuta muda mrefu. Nikatamani kumng'ata yule mtu mkono. Nikawaza, sasa anang'oa kibao. Sasa hivi, mbele ya watu.

"Yupo huyo fundi?" mtu yule akauliza tena.

Jotham akatundika ovaroli msumarini, akachukua koti lake.

"Yupo," akasema. "Ngoja mimi niondoke, ndipo aweze kuja."